Sikio la Mwigaji: Mzee Ojwang', Mwalo wa Masese na Alama za Matamshi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki sanaa ya kuiga usemi wa watu kwa kuuangalia uigizaji wa Benson Wanjau, aliyefahamika Afrika Mashariki nzima kwa jina la Mzee Ojwang', na jinsi uigizaji huo ulivyopokelewa na kuigwa tena katika mwalo wa Masese, Jinja. Hoja inayotetewa ni kwamba mwigaji hodari huisikia lafudhi kama mfumo wenye kanuni, ilhali vyombo vyetu vya kupima mazungumzo huisikia kama rundo la makosa. Uganda inapotafuta walimu wa Kiswahili wa kutosha, tofauti hiyo ina gharama, na sehemu ya gharama hiyo nimeisababisha mimi mwenyewe.

Utangulizi

Kabla sijamwona Mzee Ojwang' nilikuwa nimekwisha kumsikia kwa miaka kadhaa, na aliyenisikilizisha hakuwa yeye. Alikuwa fundi wa nyavu katika mwalo wa Masese, Msamia mwenye jamaa pande zote mbili za mpaka, ambaye kila baada ya wiki chache alirudi kutoka Busia na kipindi kizima cha Vitimbi kichwani. Jioni, boti zikiwa zimevutwa nchi kavu na dagaa wameanikwa, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akawa Ojwang', kisha akawa Mama Kayai, kisha akawa mlango unaobamizwa. Sisi watoto tulikaa chini kwenye mchanga wenye magamba ya samaki. Nilipopelekwa kwa shangazi Busia wakati wa likizo, na runinga yake ikawashwa, mshangao wangu ulikuwa kwamba Ojwang' halisi alifanana mno na fundi wetu. Ilinichukua muda kukubali kwamba mambo yalikuwa kinyume.

Wasomaji wa juzuu kama hili hawakuzoea makala ya uhakiki yaanze na utoto wa mhakiki, nami nisingeuanza hapo kama kungekuwa na njia nyingine. Lakini swali ninalotaka kulijadili, yaani kinachotendeka mtu anapoazima usemi wa mwenziwe, nililikuta mwaloni kabla ya kulikuta kitabuni. Na Masese si mahali pa kubahatisha kwa swali hilo. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, na viwanda vya Jinja vikaanza kunguruma, wafanyakazi waliletwa kutoka kila upande wakapangiwa nyumba katika mtaa wa Walukuba, jirani na Masese. Wasoga walikuwa wenyeji, lakini walikuwapo Wajaluo, Wasamia, Wagisu, Wateso, na baadaye Wakaramoja. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yao, wala hakikukwepwa na yeyote. Kilikuwa lugha ya bei, ya hali ya ziwa, ya ugomvi na ya mzaha. Samaki mmoja mdogo aliitwa mukene, omena au dagaa kutegemea nani ananunua, na mchuuzi mzuri alijua kulitaja jina lake kwa lafudhi ya mnunuzi. Biashara yenyewe ilikuwa shule ya uigaji.

Mdomo usio wake

Benson Wanjau alikuwa Mgikuyu. Ojwang' ni Mjaluo. Mary Khavere, aliyeigiza Mama Kayai, mke wa Ojwang', ni Mluhya. Kwa hiyo ile nyumba ya Kijaluo iliyopendwa kuliko nyumba nyingine yoyote katika Sauti ya Kenya, na baadaye KBC, ilikaliwa na watu wawili ambao hakuna aliyezaliwa na Kijaluo kinywani. Wanjau alipofariki tarehe 12 Julai 2015, wapo watazamaji ambao ndiyo kwanza walilijua kabila lake kwa kusoma habari za msiba. Watafiti wa sanaa za maonyesho wamekuwa wakilitaja jambo hili kama kichekesho cha pembeni. Kwangu mimi ndilo kiini cha kazi yake, na linastahili kupimwa kwa vifaa vya fonolojia kabla ya kusifiwa.

Tuanze na yale anayoongeza mwigaji. Kijaluo hakina sauti ambayo Kiswahili huiandika kwa sh, wala hakina z wala v. Mjaluo aliyejifunza Kiswahili ukubwani ana uwezekano mkubwa wa kusema samba kwa shamba, sida kwa shida, msee kwa mzee, fitu kwa vitu. Haya kila mlevi wa baa huyaweza. Anayetaka kuwachekesha wenziwe kwa kujifanya Mjaluo hubadilisha sh kuwa s, akavuta maneno kidogo, akapiga kifua, na kazi imekwisha.

Sasa tutazame yale ambayo mwigaji lazima ayaache, kwani hapo ndipo ufundi ulipo. Gikuyu haitofautishi l na r. Aidha, b, d na g za Kiswahili humjia Mgikuyu zikiwa zimetanguliwa na king'ong'o, bata likawa mbata. Kijaluo, kwa upande wake, kinazitenganisha l na r vizuri kabisa, na b yake haihitaji king'ong'o. Ina maana kwamba Wanjau, ili awe Ojwang', alipaswa kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kuvaa alama za mdomo wa Kijaluo, na kufuta kila alama ya mdomo wake mwenyewe. Ile ya pili ni ngumu mara dufu kwa sababu mtu hazisikii alama zake. Tena alilazimika kuitoa sauti ya sh, ambayo mdomo wa Mgikuyu hauna taabu nayo, na kuiacha kila mahali bila kusahau. Katika vipindi ninavyovikumbuka, na katika vile nilivyovitazama tena nikiwa mtu mzima, l na r za Ojwang' zinakaa mahali pake. Waigaji wengi wa Ojwang' waliomfuata walizikosea, wakatoa Mjaluo mwenye r za Kigikuyu, kiumbe ambaye hayupo popote duniani.

Kuna hatua moja zaidi. Kijaluo kina th na dh za meno. Mjaluo asemapo dhambi au thelathini huzitamka sauti hizo vizuri kuliko wengi wetu Wabantu wa bara, tunaosema zambi na selasini. Mwigaji wa kubahatisha hupotosha kila kitu kwa sababu anadhani lafudhi ni upotoshaji. Mwigaji aliyesikiliza anajua kwamba lafudhi ileile inayomnyima mtu sauti moja humpa nyingine, na kwamba msemaji wa Kiswahili cha Kijaluo ana mahali ambapo yuko karibu zaidi na Mvita na Unguja kuliko mwalimu anayemsahihisha. Kiswahili chenyewe hakijaupa uigaji heshima kubwa. Tunaonywa tusimwige tembo kunya tukapasuka msamba, na katika siasa zetu "kuiga" ni tusi la kasumba. Lakini usikivu wa aina hii, kama ungefanywa na mtu mwenye shahada, ungeitwa uchambuzi linganishi.

Nimemtaja Wanjau zaidi kuliko Khavere, na nikifanya hivyo nafuata kosa la wahakiki wote. Mama Kayai hakupewa vituko vingi kama mumewe, lakini mara nyingi yeye ndiye aliyeifanya lafudhi ya Ojwang' iaminike. Mjaluo mmoja anayezungumza Kiswahili cha Kijaluo katikati ya watu wengine ni kioja. Wawili wakigombana nyumbani kwao kwa lafudhi ileile, bila yeyote kuionea ajabu, wanakuwa familia. Pale ambapo mke anamjibu mume kwa mdomo uleule, kicheko hakina budi kutafuta kitu kingine cha kushikilia: ujanja wa mzee, kiburi chake, uongo unaomrudia. Hiki ndicho kipimo changu cha kwanza cha uigaji mwema. Ondoa lafudhi, uone kama mhusika bado amesimama. Ojwang' anasimama.

Aliyeigwa amekaa wapi?

Kipimo cha pili nimekipata kwa kuwaza kuhusu mfano mbaya, na unatuhusu sisi Waganda. Katika miaka ya sabini, Idi Amin akiwa madarakani, jarida la Punch la Uingereza lilichapisha safu za Alan Coren zilizojifanya kuwa maneno ya Amin. Safu hizo zilikusanywa kuwa kitabu mwaka 1974, na mwaka uliofuata John Bird akazitolea santuri kwa sauti yake. Ziliuzwa sana. Ukizisikiliza leo ukiwa na sikio la mwanalugha unagundua kwamba Kiingereza kile si cha Amin, si cha Mkakwa, si cha askari wa zamani wa King's African Rifles, wala si cha Mganda yeyote. Ni Kiingereza cha mtu mweusi wa vitabu vya kikoloni, kilichokuwa kimehifadhiwa kabatini kabla Amin hajazaliwa. Mwigaji hakumsikiliza aliyemwiga. Na wakati London ilipokuwa ikicheka, watu walikuwa wakipotea Kampala, Jinja na kwingineko. Kicheko kilimfanya muuaji aonekane punguani asiyedhuru. Uigaji usio na usikivu, pamoja na kuwa sanaa duni, huficha ukweli.

Katika ukumbi wa kicheko kile, aliyeigwa hakuwa na kiti. Simaanishi Amin mwenyewe, ambaye hakustahili kiti. Namaanisha Mwafrika wa Mashariki azungumzaye Kiingereza. Katika ukumbi wa Vitimbi, Mjaluo alikuwa na kiti cha mbele, naye alimdai Ojwang' kuwa wake. Mwaloni Masese nilishuhudia hivyo. Wavuvi wa Kijaluo walioingia kutoka upande wa Kenya walikuwa ndio waamuzi wa onyesho la fundi wetu. Alipokosea neno walimzomea, alipopatia walimpa samaki.

Hapa ni lazima nijihadhari na kuipamba Vitimbi kupita kiasi. Zipo sababu za kuilaumu. Mtoto wa Kijaluo katika shule za Nairobi aliweza kuchekwa kwa msee na samba na watoto waliojifunza kejeli hiyo katika runinga ileile ninayoisifu. Sanaa yenye usikivu haiwezi kuwalazimisha watazamaji wake nao wawe wasikivu. Tena shirika la utangazaji la serikali, lililokuwa na uchache wa mambo ya kusema kuhusu siasa halisi za makabila, lilipata faraja kubwa kuyageuza makabila kuwa lafudhi za kuchekesha. Shutuma hii ni ya kweli, na simwondolei Wanjau sehemu yake. Ninachosema ni kwamba hakuridhika na kilichokuwa rahisi.

Uigaji wa mtu mmoja mwenye madaraka ni kazi nyingine. Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna wa kundi la Redykyulass walipoiga sauti ya Rais Moi mwishoni mwa miaka ya tisini, kilichowashtua Wakenya hakikuwa ubora wa sauti bali kwamba iliwezekana. Sauti iliyokuwa ikisikika katika taarifa ya habari tu, ikishuka kutoka juu, sasa ilitoka katika kinywa cha kijana. Nchini Tanzania Steven Mengele ameiga sauti ya Mwalimu Nyerere hadi jina la Mwalimu likawa lake, Steve Nyerere. Huyu anafanya kazi ya kumbukumbu, karibu ya matambiko. Kazi hizi ninaziheshimu, lakini zina msaada ambao Wanjau hakuwa nao: watazamaji wanamjua mwigwa, na mwigaji hupimwa kwa kulinganishwa naye. Ojwang' hakuwa na mwigwa. Wanjau aliiga Kiswahili cha jamii nzima kisha akakibunia mtu mmoja wa kukizungumza.

Alama za matamshi

Kwa washauri wa sera, swali ni hili: haya yanahusianaje na kazi yao? Uganda ina historia ndefu ya kukiamuru Kiswahili na kutokifundisha. Gavana Gowers alikipendekeza katika miaka ya ishirini. Kabaka Daudi Chwa akampinga kwa maandishi mwaka 1929. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, jambo lililokiongezea sifa mbaya ya kuwa lugha ya kambi na bunduki. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kukitekeleza kama lugha rasmi, na likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu hawatoshi. Hilo kila mtu analijua, na makongamano yetu hulirudia. Lisilosemwa sana ni kwamba baadhi ya wale wachache waliojitokeza tumewafukuza sisi wenyewe, kwa mlango wa matamshi.

Nilikuwa mmoja wa jopo la watahini wa mazungumzo katika chuo kimoja cha ualimu, ambacho sina haja ya kukitaja. Mtahiniwa mmoja, binti wa Masese kama mimi, aliingia akatuamkia "abali za asubuhi". Kwa mzungumzaji wa Luganda au Lusoga matamshi hayo yana kanuni isiyoyumba. Luganda haina h, na r yake hutokea baada ya i na e tu. Kwingineko ni l. Katika habari, r imefuata a, kwa hiyo lazima iwe l. Mdomo uleule ungesema daliri kwa dalili, kwa sababu pale l ya pili imefuata i. Yule binti hakukosea hata mara moja kwa mujibu wa kanuni yake. Mazungumzo yake yalikuwa na mtiririko, ngeli zake zilikuwa timamu, alijua kusimulia na kubishana, naye alijibu swali langu kuhusu uvuvi kwa msamiati ambao mimi niliusahau. Karatasi ya alama ilikuwa na sehemu ya matamshi, ikitaka mtahini ahesabu makosa. Nikahesabu. Kila l iliyokaa mahali pa r niliipigia mstari, na mistari ilikuwa mingi. Baadaye nilisikia amechagua kufundisha somo jingine.

Mwigaji angemsikia yule binti kwa namna tofauti kabisa. Ili aweze kumwiga, angelazimika kuitambua kanuni: kwamba hapa ni l na pale ni r, na kwamba habadilishi ovyo. Kile ambacho karatasi yangu iliandika kama makosa kumi na kadhaa, yeye angekisikia kama jambo moja, na akishalijua hilo moja angeweza kusema kama yule binti hata kwa maneno ambayo hajamsikia akiyasema. Hicho ndicho kipimo cha kuujua mfumo. Mtahini anayepunguza alama mara kumi na kadhaa kwa kanuni moja hajaisikia kanuni, amesikia kelele tu.

Sidai kwamba matamshi yasifundishwe. Palipo na jozi kama kura na kula, au mahali na mahari, msikilizaji anaweza kupotea, na mwalimu wa kesho anapaswa kuijua hatari hiyo na kuidhibiti. Ninachopinga ni desturi ya kuhesabu. Pendekezo langu kwa wanaoandaa miongozo ya upimaji ni dogo, halina gharama: kanuni moja ihesabiwe mara moja, na mtahini atakiwe kuiandika kanuni yenyewe, si mifano yake. Asiyeweza kuiandika asipunguze alama. Najua watakaopinga watasema kwamba tunashusha kiwango. Wangekuja kwanza tuwasikilize wao wenyewe kwa dakika kumi.

Kurudi mwaloni

Mimi nilisikilizwa kwa muda mfupi kuliko huo. Agosti 2023 nilirudi Masese na kinasa sauti, nikitafuta watu wa kunieleza jinsi vipindi vya Kenya vilivyosambaa ziwani kabla ya runinga kuwa nyingi. Sikutegemea kumkuta fundi wa nyavu akiwa hai. Nilimkuta palepale, kwenye kivuli kingine, nyavu zikiwa za nailoni nyembamba zaidi na macho yake yakiwa karibu zaidi na kazi. Nilimpigia goti kidogo kama tulivyofunzwa, nikajieleza mtoto wa nani. Hakunikumbuka, na sikuwa na sababu ya kutarajia anikumbuke. Hadhira ya watoto ilikuwa kubwa.

Naungama kwamba moyo ulinienda mbio. Nimehojiana na mawaziri bila kutetemeka, lakini mbele ya mtu huyu mikono ilikuwa na jasho. Nikamwomba, kwa Kiswahili changu bora, anifanyie Ojwang' kidogo kwa ajili ya utafiti.

"Ojwang' alikuwa wa watu," akasema. "Wewe umekuja peke yako na mashine."

Nikamweleza umuhimu wa kuhifadhi. Nikataja urithi wa sanaa simulizi, nikataja vizazi vijavyo. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mkono ukiendelea kupitisha uzi. Wavuvi wawili watatu wakasogea. Nilipomaliza nikagundua betri ya kinasa inapungua, nikataka kuandika jambo, nikamwomba kijana aliyekuwa karibu anisaidie kalamu.

Fundi akaiweka sindano ya nyavu chini. Akanyoosha mgongo, akashika kidevu kwa vidole viwili, akakohoa kikohozi cha mtu asiye na kikohozi. "Kwa minajiri ya utafiti huu," akasema, taratibu, akiziviringisha r kama mtu anayesukuma pipa, "ninaomba, kwa heshima na taadhima, nipewe karamu."

Mwalo mzima ukacheka. Mmoja akapaza sauti kwamba daktari anataka karamu, basi aletewe sangara mzima na mchele. Mimi nilikuwa nimeganda. Sikuwa na habari kwamba nilikuwa nimesema karamu. Nilikisikiliza kinasa usiku ule: nilikuwa nimeisema waziwazi, pamoja na minajiri. Ni kosa linalojulikana sana katika isimu, nimelifundisha darasani. Msoga aliyeambiwa tangu shule ya msingi kwamba l yake ni aibu huanza kupanda r kila mahali, hata pale lugha inapotaka l, ili asidhaniwe ametoka mwaloni. Lafudhi yangu haikwisha nilipopata shahada ya uzamivu. Iligeuka tu, ikaanza kukimbia upande wa pili. Karatasi ya alama ya chuo kile, kama ningepimwa kwayo mimi, ingenipigia mistari mingi kama ya yule binti, tena kwa hatia kubwa zaidi, kwani yeye alikuwa na kanuni na mimi nina hofu.

Na nilicheka. Nilichelewa, lakini nilicheka, kwa sababu katika ule mgongo ulionyooka na kile kidevu kilichoshikwa nilimwona mtu kamili. Alikuwa mtu mwenye haya, anayeogopa kukosea mbele ya watu aliozaliwa kwao. Fundi alikuwa amemsikia mtu huyo kwa dakika zisizozidi tano. Nilikuwa nimekaa katika kile kiti cha mbele nilichokizungumzia hapo juu.

Kicheko kilipotulia aliniuliza kama mashine ilikuwa imechukua. Nikasema ndiyo.

"Nisikilizishe."

Nikarudisha nyuma. Alisikiliza akiwa amefumba macho, sikio likiwa karibu kugusa kinasa, kama nilivyowahi kuwaona wapiga gambusi wakitafuta sauti ya uzi. Ilipofika karamu alitikisa kichwa.

"Hapo sijakupata," akasema. "Wewe, mwanangu, kabla ya hilo neno unavuta pumzi kwanza. Washa tena."

Nikawasha. Akavuta pumzi.